Buibui la halati lilipoanza kuburura, na zile chupa zake nne

Mimi ni fundi wa nguo, niko Langoni hapa Lamu, na kazi yangu kubwa ni mabuibui. Nawaambia hili mapema manake habari ya mifupa imeniingia kupitia upindo wa nguo, sikuipata darasani.

Mwaka jana wiki chache kabla ya Maulidi halati yangu alikuja dukani na buibui lake mkononi. Halati ni dada mkubwa wa mamangu, ana miaka 68. Akanambia mwanangu hii nguo imelegea, mbele inaburura, jana nimejikwaa nayo kwenye ngazi, hebu nipunguzie inchi moja. Nikalichukua nikaligeuza. Kwanza kitambaa kile si cha kulegea, nakijua, ndicho ninachoshonea watu miaka yote hii. Pili upindo wa mbele umelika wote, nyuzi zishatoka, lakini wa nyuma mzima kama siku niliyoushona. Nikamwambia livae nione. Mbele likalala sakafuni, nyuma likapanda mpaka visigino viko nje. Nguo ikifanya hivo ujue mwenye nguo ndiye aliyebadilika, mgongo ukiinama unakula kitambaa nyuma na unaachia mbele.

Mimi huandika vipimo vya wateja kwenye daftari na madaftari ya zamani situpi. Nikatafuta ukurasa wake wa 2013, bega mpaka kisigino inchi 54. Nikamsimamisha ukutani nikampima, inchi 52. Nikadhani tepu imepinda nikapima tena, 52 ile ile. Inchi mbili ni karibu sentimita 5, na mtu mzima hapungui sentimita 5 hivi hivi tu, mara nyingi ni pingili za mgongo zimekandamizana.

Alafu nikakumbuka mkono wake. Miezi minane nyuma yake aliteleza nyumbani kwao Mkomani, si kuanguka kwa kutisha, ilikuwa ngazi ya pili kutoka chini, akajizuia kwa kiganja na kifundo kikavunjika. Alikotibiwa wakamfunga plasta, wakampa dawa ya maumivu, wakamrudisha nyumbani. Hakuna aliyeuliza mfupa wa mtu unavunjikaje kwa kuanguka kidogo namna ile. Hilo mpaka leo linaniuma, manake mtu wa umri huo akivunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, hiyo peke yake ni sababu ya kupimwa mifupa. Sisi wenyewe pia tuliona ni bahati mbaya, tukasema alhamdulillah si nyonga.

Baada ya plasta kutoka ndio chupa zikaingia. Kuna dada mmoja alikuwa akija kwenye vikao vya wanawake na begi la virutubisho, akamwambia halati kwamba mifupa inaoza kwa sababu ya sumu mwilini na kwamba antioksidanti zinaiosha na kuirudisha kama ya msichana. Halati ni mwanamke mwenye akili zake, amelea watoto sita na ameendesha biashara ya vitambaa miaka na miaka. Lakini alikuwa ameogopa. Mtu aliyevunjika mara moja anaogopa kila ngazi, na ukimletea chupa yenye picha ya mfupa mweupe atainunua. Akawa anatumia shilingi 7,200 kila mwezi.

Sasa nieleze kidogo mfupa wenyewe, halafu nirudi kwenye chupa.

Mfupa uko hai, unafanyiwa ukarabati kila siku. Nyumba zetu za mji wa kale zinanisaidia sana kulielewa hili, ukuta wa mawe ya matumbawe umeshikwa na chokaa, juu boriti za mkoko, na nyumba haiwezi kuachwa tu, lazima fundi apite, abomoe palipochoka apige chokaa mpya. Ndani ya mfupa wako mafundi wa aina mbili. Kuna seli za kubomoa, zinaitwa osteoklasti, na seli za kujenga, osteoblasti. Kolajeni, yaani protini, ndiyo kama boriti, inaupa mfupa unyumbufu, na kalsiamu pamoja na fosfeti ndiyo chokaa, inaupa ugumu. Ukiwa mtoto na kijana wajenzi ndio wengi, mpaka kwenye miaka 30 hivi mfupa uko kwenye kilele chake. Baada ya hapo wabomoaji wanaanza kushinda pole pole. Kwa mwanamke estrojeni ndiyo inayowazuia wabomoaji wasipitilize, na hedhi ikikoma estrojeni inashuka, msimamizi kaondoka, ndani ya miaka mitano mpaka saba ya mwanzo anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya uzito wa mfupa wake. Haumi popote. Huo ndio ostioporosisi, mfupa unabaki na umbo lake nje lakini ndani vishimo vimezidi. Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo mwaka 1994, mfupa wako unalinganishwa na wa kijana mwenye afya, ukiwa chini kwa alama 2.5 au zaidi, ndio huo ugonjwa. Duniani mwanamke mmoja kati ya watatu waliopita miaka 50 atavunjika mfupa kwa ajili yake, na wanaume pia wamo, mmoja kati ya watano.

Antioksidanti zinaingiaje hapa? Sikiliza, yule dada wa begi hakutoa kila kitu hewani, na hili nataka niliseme kwa haki. Sisi watu wa bahari tunajua hewa inavyokula msumari, jahazi likiachwa bila kutunzwa kutu inatembea mpaka ubao unaachia. Mwili nao unatumia oksijeni, na katika kuitumia zinabaki chembe zenye ukorofi, radikali huru, zinaharibu seli. Antioksidanti ndizo zinazozituliza. Na estrojeni ikishuka, chembe hizo huongezeka ndani ya mfupa na zinawachochea wale wabomoaji. Mwaka 2003 watafiti wa London waliwatoa ovari panya wa kike, mifupa yao ikaanza kupotea kama ilivyotarajiwa, lakini waliopewa antioksidanti, vitamini C ikiwemo, mifupa haikupotea vile. Ukisoma mpaka hapo tu unakimbia famasi.

Ila mwaka 2012 watafiti wa Japani wakatoa matokeo yao, nao pia kwa panya, kwamba vitamini E ile ya kawaida ya kwenye vidonge, alfa-tokoferoli, kwa kipimo kikubwa iliwafanya wabomoaji waungane wawe wakubwa na mifupa ya panya ikapungua. Kwa hivyo panya huyu anasema hivi na panya yule anasema vile. Kwa binadamu, kule Toronto waliwagawa wanawake 60 waliokoma hedhi, wengi wakapewa laikopini, ile rangi nyekundu ya tungule (nyanya), kwa juisi ya tungule au kwa vidonge, wengine wakapewa vidonge bandia, miezi minne, na kwa waliopata laikopini vipimo vya damu vikaonyesha ubomoaji umepungua. Hapo Marekani kwenye mji wa Framingham wazee walifuatiliwa mpaka miaka 17, na waliokuwa wakipata vitamini C nyingi zaidi walivunjika nyonga kidogo kuliko wengine. Mambo mazuri haya na nayaamini, lakini angalia yanasema nini hasa. Moja ni kipimo cha damu cha miezi minne, jengine ni watu waliotazamwa tu, na mtu anayekula matunda sana huenda pia anatembea zaidi na havuti sigara. Jaribio kubwa la kuwapa watu vidonge vya antioksidanti miaka kadhaa, kisha kuhesabu nani kavunjika na nani hakuvunjika, likaonyesha kwamba vidonge vinazuia, halipo.

Na majaribio makubwa ya vidonge hivyo kwa magonjwa mengine yametoa matokeo ya kuogofya. Finland waliwapa wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000 beta-karotini na vitamini E wakitumaini kuzuia saratani ya mapafu, mwaka 1994 majibu yakatoka, waliopewa beta-karotini walipata saratani hiyo zaidi, asilimia 18. Marekani wakawapa wanaume zaidi ya 35,000 vitamini E na seleniamu, na mwaka 2011 ikaonekana waliopewa vitamini E peke yake wamepata saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17. Vitamini E hiyo ilikuwa yuniti 400 kwa siku. Chupa moja ya halati ilikuwa hiyo hiyo, 400.

Lakini kilichonifanya nisilale ni vitamini A.

Binti wa jirani yetu anasomea lishe Mombasa, alikuwa likizo, akapita dukani nikamwonyesha picha za chupa kwenye simu. Akanambia shangazi soma mstari wa vitamini A, angalia kama imeandikwa retinoli au retinili palmiteti. Nikauliza kwani ikiwa hivo? Akasema retinoli ikizidi inakula mfupa, inawachangamsha wabomoaji na inaisumbua vitamini D kufanya kazi yake. Akanitumia nikasome. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya manesi wa Marekani zaidi ya 70,000 waliokwisha koma hedhi, waliofuatiliwa miaka 18, waliokuwa wanapata retinoli zaidi ya mikrogramu 2,000 kwa siku walivunjika nyonga karibu mara mbili ya waliokuwa chini ya 500. Jioni ile ile nikaenda Mkomani na kalamu na karatasi.

Tukazipanga chupa kwenye mkeka. Ile yenye jina kubwa la antioksidanti, yuniti 5,000 za retinoli kwa kidonge, na yeye anameza viwili, 10,000. Multivitamini, 2,500. Mafuta ya ini la samaki, kijiko kimoja cha chai, 4,500. Ya nne ni ile vitamini E. Jumla ya vitamini A yuniti 17,000, ukizigeuza ni mikrogramu 5,100. Mwanamke mzima anahitaji 700 kwa siku, na mpaka wa juu usiotakiwa kupitwa ni 3,000. Alikuwa anameza zaidi ya mara saba ya anachohitaji, kila siku, miezi saba, na lengo lake lilikuwa kulinda mifupa! Na hapo sijahesabu maini. Halati anapenda maini ya kukaanga asubuhi na mkate, na gramu 100 tu za maini ya ng'ombe ya kukaanga zina mikrogramu zaidi ya 7,000. Kalsiamu kwenye chupa zote nne ilikuwa kidogo mno, kwa sababu kalsiamu ya siku nzima haienei kwenye kidonge kimoja, ingebidi kiwe kikubwa huwezi kukimeza.

Niliandika zile namba kwa mwandiko mkubwa nikampa karatasi. Nikamwambia halati niwie radhi, sikutaka kukushitua. Alinyamaza muda mrefu. Alafu akauliza "kwani vitamini nayo inadhuru?" Sikuona la kujibu zaidi ya kumwambia kwamba hata chumvi ni chakula. Kilichomuuma zaidi haikuwa pesa, ilikuwa kwamba amekuwa akimeza kwa nia njema, anapiga bismillahi na kumeza.

(Niseme hapa kabla mtu hajaogopa maembe: beta-karotini ya kwenye embe, papai, karoti na mchicha ni kitu chengine. Mwili unaigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji, haijaonekana kudhuru mifupa. Ni retinoli, ile ya tayari, ya kwenye maini na mafuta ya ini na vidonge, ndiyo ya kuhesabia.)

Basi tukaenda Mombasa. Mashua mpaka Mokowe, basi la alfajiri, Witu, Garsen, Malindi, nilimfungia mto mgongoni njia nzima manake basi likirushwa nilikuwa nasikia mimi maumivu yake. Skani ya DEXA, ile ya kupima uzito wa mifupa, ni kitu rahisi kabisa, unalala kwenye kitanda mashine inapita juu yako, haichukui muda, mionzi yake kidogo kuliko ya eksirei ya kifua. Pesa za chupa za miezi mitatu zilitosha nauli zetu na skani na kumwona daktari, nimezihesabu. Majibu, mgongo alama 3.1 chini, nyonga 2.4 chini. Na eksirei ikaonyesha pingili mbili zimebonyea, zile mbili zilizokula inchi zangu.

Daktari alikuwa mtu wa kusikiliza. Akamuuliza halati maswali mengi, hedhi ilikoma lini (miaka 44, mapema), mama yake alivunjika nyonga? (ndio, na hakuinuka tena), anavuta, hapana, alafu akauliza, umewahi kutumia dawa za viungo kwa muda mrefu? Halati akatoa kwenye mkoba kipande cha pakiti. Alikuwa akinunua vidonge vidogo vya magoti, kimoja kila siku, amezoea, miaka karibu mitatu, hakuna aliyemwandikia, aliambiwa na mwenzake vinasaidia. Prednisoloni. Sote mle ndani tulinyamaza. Hiyo ni steroidi, na steroidi ikitumika zaidi ya miezi mitatu inapunguza mifupa kwa nguvu, inawalaza wajenzi. Ikiwa una pumu au ugonjwa mwengine na daktari amekuandikia, hiyo ni haki yako na usiiache ghafla, kuiacha ghafla ni hatari. Halati mwenyewe amepunguziwa kidogo kidogo wiki nyingi mpaka ikaisha. Ila ile ya kununua dukani kwa ajili ya magoti, jamani, nawaomba sana mama zetu. Naijua hapa mjini imeenea vipi.

Dawa aliyopewa ni alendroneti, kidonge kimoja kwa wiki, inakaa kwenye mfupa na kuwazuia wabomoaji. Ina masharti. Inamezwa tumbo tupu asubuhi na gilasi nzima ya maji matupu, alafu hulali wala huinami nusu saa, na huli, manake ikikwama inachoma koo. Halati anaimeza Ijumaa baada ya swala ya alfajiri ili asije akasujudu nayo, anakaa dakani ananyoosha mgongo anavuta uradi mpaka nusu saa ipite, ndio chai. Mwezi wa Ramadhani daktari alimpangia aimeze maghribi kwa maji peke yake, angoje nusu saa ndio afuturu. Siku moja kwa wiki haimshindi. Chupa zote nne zimetoka. Alibakishiwa kalsiamu kiasi na vitamini D kwa sababu damu yake ilionyesha vitamini D iko chini.

Hiyo ya vitamini D ilinishangaza, jua letu hili! Lakini jua linaunda vitamini D kwenye ngozi, na sisi nje tunatoka tumejifunika, na ndani nyumba zetu zina kuta nene na vyumba vya ndani vya giza, na ngozi nyeusi inataka jua la muda mrefu zaidi. Sasa kila siku kwenye saa nne anakaa kiwandani, ule uwanja wa katikati ya nyumba, wanawake peke yao, mikono na miguu nje, nusu saa, anachambua mchele. Wazee waliojenga nyumba zile waliweka kiwanda kiwe wazi juu, na jua linaingia mpaka chini. Dirisha la kioo halifai kwa hili, kioo kinazuia ule mwale unaohitajika.

Na nisije nikawafanya mkimbilie kalsiamu sasa kama mlivyokimbilia antioksidanti. Marekani waliwapa wanawake zaidi ya 36,000 kalsiamu na vitamini D miaka saba, majibu ya 2006, kuvunjika nyonga kukapungua kidogo sana kiasi kisichoweza kuthibitika, na mawe ya figo yakaongezeka asilimia 17. Na mwaka 2022 vitamini D peke yake, kwa watu karibu 26,000 ambao hawakuchaguliwa kwa upungufu wowote, haikupunguza kuvunjika. Aliyepungukiwa anajazwa, asiyepungukiwa hapati zaidi. Mwanamke aliyepita 50 anahitaji miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, na nyingi anaweza kuzila. Kikombe cha maziwa kina kama 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Simsim isiyokobolewa, gramu 100 zina karibu miligramu 1,000. Maziwa ya ngamia yanapatikana kutoka bara, halati anayapenda kwenye chai. Mchicha unao kalsiamu lakini una oksaleti inayoifunga, sehemu kubwa inatoka nayo, kwa hiyo mchicha mtu ale kwa faida zake nyengine.

Antioksidanti tumezirudisha mahali pake, kwenye sinia. Vitamini C kwa mfupa si jambo dogo kwa sababu bila hiyo kolajeni haifungani, zile boriti hazisimami. Kuna habari moja siisahau, katika safari ya Anson wa Uingereza kuzunguka dunia miaka ya 1740, mabaharia wakakosa matunda wakapata kiseyeye, na mmoja wao alikuwa na mfupa uliovunjika ujanani ukaunga zaidi ya miaka 50 iliyopita. Mfupa ule ukaachana tena, kama haujawahi kuunga. Miaka 50! Muda mchache baadaye, 1747, daktari wa meli James Lind akawapa mabaharia wagonjwa wawili machungwa na malimau, na wengine akawapa vitu vyengine, hao wawili ndio waliopona haraka. Sasa mtu wa Lamu akose vitamini C kweli? Pera moja tu linamaliza haja ya siku, ambayo kwa mwanamke ni miligramu 75. Unga wa ubuyu ule mkavu umejaa, ila mabuyu ya sukari na rangi nyekundu yale ni peremende, mwache mtoto ale. Embe la msimu, papai, kachumbari ya tungule na pilipili na ndimu. Tungule zikipikwa kwa mafuta kidogo ile laikopini inatoka vizuri zaidi kuliko mbichi, yaani mchuzi wetu wa samaki ushafanya kazi. Hiyo ni antioksidanti ya shilingi hamsini, na hakuna aliyevunjika nyonga kwa kuzidisha pera.

Kitu chengine ni kutembea. Mfupa unajengwa kwa kubebeshwa uzito, na mji wetu hauna gari, unatembea tu. Halati alikuwa ameacha kutoka tangu avunjike mkono, alikuwa anaogopa punda. Kwenye vichochoro vile punda mwenye mawe mgongoni akikujia unajibana ukutani au unaanguka, ni kweli kabisa. Kwa hivo tunatoka baada ya alasiri kwa njia ya pwani palipo wazi, polepole mpaka upande wa kuelekea Shela na kurudi. Nyumbani tumefunga kamba nene ya meli kando ya ngazi ajishikie, na taa, ngazi zetu ni za giza na kila daraja ina kimo chake. Viatu vya mpira vilivyolika chini nimevitupa mimi mwenyewe. Kuvunjika nyonga kunahitaji vitu viwili, mfupa dhaifu na kuanguka, na kuanguka hakuna kidonge.

Sasa nirudi kwenye daftari, ndio hasa lililonifanya niandike. Baada ya kurudi kutoka Mombasa nilikaa usiku mmoja nikapitia madaftari yote, nikatoa majina ya wateja waliopita miaka 50 ambao nina kipimo chao cha zamani cha miaka kumi au zaidi. Nikapata 11. Kila aliyekuja dukani nikampima upya, nikamweleza kwa nini. Wanne walikuwa wamepungua inchi moja na nusu au zaidi. Mmoja alijua mgongo unamuuma, akidhani ni baridi ya bahari. Mmoja anameza mafuta ya ini na multivitamini na vidonge vya ngozi, vyote vina retinoli. Nimewaambia wote wanne waende wakapimwe, wawili washaenda.

Kama una fundi wako wa miaka mingi muulize ana kipimo chako cha zamani. Kama huna, simama ukutani bila viatu, visigino vimegusa ukuta, mtu akuwekee kitabu kichwani atie alama, kisha linganisha na urefu ulioandikwa ukiwa kijana kama upo mahali. Sentimita 4 zikipungua usisubiri maumivu. Na chupa zako zitoe zote kwa pamoja, zipange, soma mstari wa vitamini A kwa kila moja ujumlishe.

Buibui nililipunguza mwishowe, mbele inchi mbili, nyuma nikaongeza kipande ili mgongo upate nafasi, ukilitazama huoni kiungo. Kwenye fremu ya mlango wa duka kuna mstari wa chokaa wa kimo chake, kila mwezi akipita ananitaka nimpime, anasimama wima kuliko anavyoweza. Miezi tisa sasa ni mstari ule ule. Skani nyengine daktari aliandika baada ya miaka miwili.